Kumtunza Mwenzi Mwenye Ugonjwa wa Baipola Anayekunywa Pombe

Mume hukesha siku kadhaa akitapanya fedha za dhahabu, kisha huzama katika huzuni na pombe. Hapa Mkwajuni twaulizwa: je, ni pepo, au ni ulevi tu? Tunajibu kwamba huenda ni ugonjwa wa baipola, nao hutulizwa kwa dawa. Pombe huvuruga usingizi, huongeza huzuni na kuharibu kazi ya dawa hizo. Hata hivyo mke asimwachishe ghafula nyumbani, kwa maana mnywaji wa siku nyingi aweza kupatwa na degedege. Waende hospitali pamoja. Wakati wa utulivu wapatane nani atunze fedha. Mume akitamani kufa, asiachwe peke yake. Akimpiga mkewe, mke aondoke na watoto: kiapo cha ndoa hakiamuru kuvumilia kipigo. Nasi wachungaji, tuombapo, tusimwambie mgonjwa atupe vidonge.