Je, ugonjwa wa Parkinson huanzia tumboni?

Mzee akianza kutetemeka mkono na kukokota miguu, wengi tunafikiria ubongo. Lakini wagonjwa wengi wa Parkinson walisumbuliwa na kufunga choo miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Mwaka 2003, Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walipendekeza kwamba huenda ugonjwa huanzia tumboni, kisha hupanda hadi kwenye ubongo kupitia vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaounganisha viungo hivyo viwili.

Jaribio lililotikisa wengi ni la 2016, katika maabara ya Sarkis Mazmanian huko California. Watafiti walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili wazalishe kwa wingi alfa-sinukleini, protini ambayo hujikunja vibaya na kurundikana katika ubongo wa wagonjwa. Panya waliokuzwa bila bakteria wowote walitembea vizuri kuliko wenzao. Walipopandikizwa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa, walizorota kuliko panya waliopewa bakteria wa watu wenye afya.

Panya si binadamu, na watu wengi wanaofunga choo hawapati Parkinson kamwe, kwa hiyo tusiwatishe wazee wetu. Wala hakuna tiba ya bakteria iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu. Dawa kuu bado ni levodopa. Ila hata hiyo haiukwepi utumbo: bakteria Enterococcus faecalis anaweza kuivunja kabla haijafika kwenye ubongo.