Chakula kile kile, tumbo tofauti: Wahindi wa kale walifundisha nini kuhusu ulaji?

WENGI wetu tukisikia neno Ayurveda huwaza kopo la unga wa miti shamba, au chupa ya mafuta ya kuchulia viungo inayouzwa karibu na udi na manukato. Lakini ukivisoma vitabu vya tiba hiyo utaona kuwa sehemu kubwa ya maneno yake inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analifanya kila siku, nalo ni kula.

Ayurveda ni neno la Kisanskriti lenye maana ya elimu ya maisha. Kitabu chake mashuhuri, Charaka Samhita, kilianza kuandikwa India yapata miaka 2,000 iliyopita. Hadi leo elimu hiyo hufundishwa India katika vyuo vinavyotoa shahada. Serikali ya nchi hiyo iliunda wizara ya tiba za asili mwaka 2014, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha kimataifa cha tiba asilia katika mji wa Jamnagar, jimbo la Gujarat. Huko Gujarat ndiko walikotoka mababu wa Wahindi wengi waliofungua maduka Kigoma, Tabora na Bujumbura.

Ninaandika habari hizi kwa sababu sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, pamoja na ninyi mnaovuka mpaka wa Kobero au Manyovu kila wiki, ni watu ambao sahani zetu hubadilika mara kwa mara. Leo unakula ugali wa mahindi, kesho wa muhogo. Leo unakula nyumbani umetulia, kesho unakula umesimama huku jicho liko kwenye mzigo. Watu wa namna hii wana la kujifunza katika elimu hiyo, na wana la kujihadhari nalo pia.

Upepo, moto na maji

Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Ya kwanza ni vata, yenye asili ya upepo, ambayo kazi yake ni mwendo wote wa mwilini. Ikizidi huleta gesi tumboni, ngozi kukauka, wasiwasi na kukosa usingizi. Ya pili ni pita, yenye asili ya moto, inayosaga chakula na kunoa akili. Ikizidi huleta kiungulia na hasira za haraka. Ya tatu ni kafa, yenye asili ya maji na udongo, inayojenga mwili na kuleta utulivu. Ikizidi huleta uzito, makohozi na uvivu.

Kila mtu huzaliwa na kipimo chake cha nguvu hizo. Ndiyo maana, kwa mujibu wa elimu hiyo, watu wawili wanaweza kula chungu kimoja, mmoja akalala vizuri na mwingine akakesha akijipapasa tumbo.

Chakula nacho hugawanywa kwa ladha sita: utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi. Utamu wa wali, maziwa na ndizi mbivu hujenga mwili na kutuliza moyo, lakini ukizidi huongeza kafa. Uchachu wa ukwaju na limau huamsha hamu ya kula, na ukizidi huongeza moto. Chumvi husaidia kusaga chakula, nayo ikizidi huongeza moto na kiu. Ukali wa tangawizi hufungua kifua, ila ukizidi huunguza. Uchungu wa karela hupoza mwili, na ukakasi wa ndizi mbichi huukaza. Hizi mbili za mwisho zikizidi hukausha mwili na kuongeza upepo.

Hapo ndipo penye habari inayotuhusu sana, yaani maharage. Jamii ya kunde, kwa mujibu wa Ayurveda, huongeza upepo, isipokuwa choroko ambazo husifiwa kuwa nyepesi tumboni. Kumbuka kwamba maharage yetu, pamoja na mahindi, muhogo na pilipili kali, yalitoka bara la Amerika na hayakufika India wala Afrika ila baada ya safari za Wazungu za karne ya 15 na 16. Charaka hakuyajua. Ukali alioujua ulikuwa wa tangawizi, pilipili manga na ile pilipili ndefu iliyoitwa pippali, neno ambalo ndilo mzizi wa pilipili yetu. Vyakula vipya vilipofika, Wahindi walivipima kwa ladha na kwa namna vinavyofanya kazi mwilini, kisha wakatafuta namna ya kuvipika.

Dawa yao kwa nafaka za jamii ya kunde ni kuziloweka, kumwaga maji, kisha kuziunga kwa tangawizi, bizari nyembamba na samli. Sehemu ya ushauri huo inaungwa mkono na sayansi ya leo. Maharage yana aina za sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzisaga, na ndizo zinazoleta gesi. Ukiyaloweka usiku na kumwaga yale maji, sehemu ya sukari hizo huondoka, na kuni nazo hupungua kwa kuwa yanaiva upesi.

Chakula na akili

Mbali na mwili, Wahindi walisema chakula hugusa akili. Hapa nako kuna hali tatu. Satwa ni uangavu na utulivu, rajasi ni mchemko na pupa, na tamasi ni uzito na giza la mawazo. Sura ya 17 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inataja vyakula vinavyopendwa na watu wa kila hali. Vyenye utamu na mafuta ya kiasi ni vya mtu mtulivu. Vikali, vichungu na vya chumvi kupita kiasi ni vya mtu wa pupa. Vilivyolala na kuharibika ni vya mtu mzito. Kwa sababu kama hizo Wahindu wengi wacha Mungu hawagusi vitunguu wala vitunguu saumu, ilhali vitabu vya tiba vya Kihindi vinamsifu kitunguu saumu kama dawa. Elimu yenyewe, basi, haisemi kwa sauti moja.

Najua msomaji atauliza: kiporo je? Nyumba ngapi zinaweza kumwaga chakula cha jana? Mimi sisemi kimwagwe. Ila wali ulioachwa sufuriani usiku kucha ukiwa vuguvugu huweza kuota vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukiupasha moto. Uache upoe upesi, ufunike, uweke mahali pa baridi. Haya hayahitaji kuamini satwa wala tamasi.

Mazoea yana taabu

Charaka hakutoa orodha ya vyakula vizuri na vibaya tu. Alitaja mambo manane ya kutazama: asili ya chakula, kinavyopikwa, kinavyochanganywa, kiasi chake, mahali kilikotoka na kinapoliwa, wakati, kanuni za kula, na la nane ni mlaji mwenyewe na kile mwili wake ulichokizoea. Hili la nane lilinigusa kuliko mengine.

Mimi nilizaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi wa Kirundi nchini Tanzania. Tuliporudi tulikuta samaki tuliyemwita mgebuka anaitwa mukeke, na dagaa wanaitwa ndagala. Majina yalijifunza upesi, ila matumbo hayakujifunza upesi vile. Watoto waliozoea ugali wa mahindi walilia njaa mbele ya maharage na ugali wa muhogo, na wazee walisema wamekuwa na kiburi. Hakikuwa kiburi. Kitabu hicho cha kale kinaonya kuwa mazoea, hata yale mabaya, hayaachwi kwa siku moja. Unapunguza robo, unaongeza robo ya kile kipya, unaupa mwili siku kadhaa, kisha unaendelea. Nimewashauri wazazi kadhaa shuleni wafanye hivyo kwa watoto waliorudi karibuni, na huo ni ushauri usiogharimu hata faranga moja.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, kanuni za kula ndizo za kushika. Charaka anataka chakula kiliwe cha moto, chenye mafuta kidogo, baada ya kile cha kwanza kusagika, bila haraka wala kuchelewa, na bila maongezi na vicheko. Anataka theluthi moja ya tumbo iwe ya chakula kigumu, theluthi ya vinywaji, na theluthi iachwe wazi. Mlo mkubwa uwe wa mchana, wakati moto wa tumbo una nguvu. Wengi wetu tunafanya kinyume: mchana ni soda na andazi, na usiku wa manane ni sahani ya kujaa, kisha usingizi.

Tahadhari

Yote hayo ni mafunzo ya ulaji. Tiba ya ugonjwa ni jambo jingine. Hakuna maabara inayoweza kupima vata au kafa, na mgonjwa wa kisukari au presha hapaswi kuacha vidonge kwa kuahidiwa unga.

Mama mmoja jirani yangu, mwenye kisukari, aliniletea kopo alilouziwa sokoni nimsomee. Aliambiwa ni dawa ya Kihindi na kwamba akiitumia vidonge vya hospitali aviache. Kopo halikuwa na jina la kiwanda wala tarehe ya kuharibika. Nilimsomea yote yaliyoandikwa, kisha nikamwambia kopo na vidonge avipeleke pamoja kwa muuguzi. Alinijibu kuwa pesa ya unga ilikuwa ya mtaji wa wiki nzima.

Kuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hata viungo vya jikoni si salama daima. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba manjano nchini Bangladesh yalikuwa yakitiwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Serikali ilipobana, mchezo huo ulikomeshwa katika muda wa miaka miwili. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na haionekani kwa macho.

Kwa hiyo, wewe unayeleta manjano kutoka ng'ambo ya mpaka, nunua mizizi mizima usage mwenyewe, au nunua kwa mtu unayemjua anakosagia. Usiuze unga usio na jina ukisema unatibu. Karela na uwatu huweza kushusha sukari, na vikiongezwa kwa wingi juu ya vidonge, sukari inaweza kushuka mno na mgonjwa akaanguka. Anayetumia dawa za hospitali amweleze daktari kila anachokinywa, hata kama ni majani ya shambani kwake.

Wahenga walisema mwili haujengwi kwa matofali. Wahindi wa kale wangekubali, kisha wangeuliza: mwili wa nani, umezoea nini, na unakula saa ngapi? Maswali hayo hayauzwi kwenye kopo, na kila mtu anaweza kujiuliza kabla ya kunawa mikono.