Jumba la Kasubi: Nyumba ya Wafalme, Kazi ya Koo Zote

Sisi watu wa Masisi na Walikale twamwita mtawala wa jadi Mwami. Waganda, jirani zetu wa mashariki, humwita Kabaka. Majina ni mbalimbali, lakini swali ni moja: jumba la mfalme ni la nani? Ni lake peke yake, au ni la watu wake wote? Ili tupate jibu, na tusafiri kwa mawazo hata kilima cha Kasubi, ndani ya mji wa Kampala.

Hapo kale kila Kabaka alijichagulia kilima cha kujenga ikulu yake. Muteesa wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 1856, ndiye aliyewapokea Mapadre Weupe mwaka 1879, ingawa mwenyewe hakubatizwa. Mwaka 1882 alijenga jumba lake Kasubi. Na alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, ikulu ikageuka kaburi. Kwa Waganda jambo hilo lilikuwa jipya. Desturi ilikuwa kuutenga mfupa wa taya ya mfalme na kuuhifadhi mahali pa peke yake; Muteesa alizikwa mwili mzima. Baada yake wakalazwa papo hapo wafalme watatu: Mwanga, aliyefia uhamishoni Seychelles mwaka 1903 na kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa, aliyefariki mwaka 1939, na Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa mwaka 1971.

Jumba lenyewe huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni la mviringo, upana wake wapata mita 31, kimo chake mita 7 na nusu. Limejengwa kwa miti, matete na manyasi. Aingiaye huvua viatu, akaketi chini juu ya mikeka. Akiinua macho aona pete kubwa zilizopangwa toka chini hata kileleni. Hesabu yake ni 52, kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Basi, kila Mganda auona ukoo wake katika paa la mfalme.

Wala koo hizo hazikuwekwa kwa pambo tu. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na ufundi huo hurithiwa na watoto wao. Lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, hutengenezwa tangu zamani na mafundi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji: hulibandua gome wakati wa mvua, wakalipondaponda kwa nyundo za mti hata likawa laini kama kitambaa. Kwa lubugo limetengenezwa pazia linaloficha mahali pa makaburi, panapoitwa Kibira, maana yake msitu. Waganda hawasemi kwamba Kabaka amekufa. Husema amepotea msituni. Msimamizi wa mahali hapo ni mwanamke wa ukoo wa kifalme, mwenye cheo cha Nalinya.

Labda msomaji Mkatoliki atauliza: Je, yatupasa kuliheshimu jumba alimolala Mwanga, yeye aliyewaua Mashahidi wa Uganda? Swali ni la haki. Mtakatifu Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikuwa mkubwa wa vijana watumishi wa ikulu. Yeye na wenzake walimtumikia mfalme kwa bidii katika kila lililo halali, wakakataa lile tu lililo dhambi. Hawakuidharau nyumba ya kifalme kwa sababu ya ubaya wa mwenye kiti. Nasi tutofautishe vivyo hivyo. Kuwaabudu wafu Mkristo hawezi. Kuuheshimu urithi wa watu wake aweza, tena yampasa.

Urithi huo umejaribiwa mara nyingi. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilizifuta falme zote. Ufalme wa Buganda ukarudishwa mwaka 1993. Miaka 26 hapakuwa na Kabaka kitini, na jumba la Kasubi likabaki. Mwaka 2001 UNESCO ililiandika katika urithi wa dunia nzima. Kisha jioni ya tarehe 16 Machi 2010 moto ukaliteketeza. Kesho yake watu wenye uchungu walikusanyika kilimani, risasi zikafyatuliwa, na baadhi yao wakafa.

Kwetu, Wanyanga husimulia jinsi kijiji cha Tubondo kilivyoteketezwa kwa radi, na jinsi Mwindo alivyowafufua watu wake kwa usinga wake. Kasubi hapakuwa na usinga wa namna hiyo. Palikuwa na mikono ya watu na fedha za wafadhili, na kazi ilichukua miaka mingi. Ilibidi watafutwe wenye kujua kufunga pete za paa na kupanga manyasi yasipitishe mvua, nao wawafundishe vijana. Mwezi wa Septemba 2023 ndipo UNESCO ilipoliondoa jumba hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapo twapata jibu la swali letu. Kama jumba lingalikuwa la mfalme peke yake, lingalikwisha siku ile ya moto. Lilijengwa tena kwa kuwa maarifa yake yalikaa ndani ya koo, baba kwa mwana.

Basi, ninyi wazazi, na ninyi wanafunzi, angalieni kwenu. Yuko mzee ajuaye kuezeka, kusuka mikeka, kuchonga ngoma au kusimulia asili ya ukoo? Kijana na aende kuketi naye siku za likizo, akashike kazi kwa mikono yake, wakati mzee angali na nguvu za kumsahihisha.