Ziwashwe kabla hazijavuka ziwa: kuchagua bodi mama ya prosesa mpya

Kompyuta ya mezani inayofika Tchomia, upande wa Kongo wa Ziwa Albert, imetoka mbali. Vipande vyake vingi hununuliwa Kampala, vikateremshwa hadi Ntoroko na kuvuka ziwa kwa boti katikati ya mizigo mingine, au vikazunguka kwa barabara hadi Bunia ndipo vishuke tena ukingoni mwa ziwa. Aliyeviuza hayuko karibu. Kipande kikigoma kuwaka, kukirudisha ni nauli, ni forodha, ni siku kadhaa za kazi iliyolala. Mtu wa Nairobi akikosea bodi hurudi dukani jioni ileile. Wa Tchomia anapaswa kumaliza maswali yote kabla hajalipa.

Wanaouliza sasa wameongezeka, na sababu inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Nyumba za kuchapa na kufotokopi, shule, makanisa yenye projekta, wote waliokuwa na mashine za 2012 au 2014 wanatafuta prosesa mpya. Prosesa mpya haikai kwenye bodi mama ya zamani. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa sababu watu huipenda prosesa kwa jina lake, wakainunua, kisha wakaanza kuitafutia bodi.

Mimi nashauri njia nyingine. Jua kwanza betri yako inabeba wati ngapi. Kisha chagua prosesa na bodi kwa pamoja, duka moja, siku moja, na uzione zimewaka juu ya meza ya muuzaji.

Naanza na betri kwa sababu kazi nyingi za Tchomia zinategemea paneli za jua na jenereta. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwa hesabu ya karatasi. Kama ni betri ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu, maana itakufa mapema. Kwa hiyo una 1,200. Inveta nayo hula sehemu yake, basi shika 1,000. Sasa chukua kompyuta yenye Core i3-12100, isiyo na kadi ya grafiki. Ikichapa barua na kufungua intaneti hula wati 30 hadi 40, na skrini ndogo kama 20. Betri hiyo itaifikisha asubuhi hadi usiku na bado itabaki ya kuchajia simu za wateja. Badilisha, uweke ile seti ya bei rahisi inayosifiwa sana siku hizi: bodi ya X99 kutoka China pamoja na Xeon E5-2680 v4 iliyotolewa kwenye seva kuukuu. Ina koa (core) 14, na kwa macho ni mali nyingi kwa fedha kidogo. Lakini prosesa hiyo peke yake imeandikiwa wati 120, haina grafiki ndani yake, kwa hiyo inadai kadi ya grafiki ambayo nayo inakula. Kazi ikiwa nzito, mashine nzima huvuka wati 200, na betri ileile haifiki saa tano. Fedha uliyookoa dukani utailipa kwa petroli. Kwa anayefanya kazi ya video na ana umeme wa uhakika, seti ya namna hiyo inaweza kuwa na maana. Kwa duka la kuchapa barua kando ya ziwa, siishauri hata kidogo.

Angalia pia kwamba wati zinazotangazwa kwanza si zote. Core i5-12400 huitwa prosesa ya wati 65, lakini inapokimbia huruhusiwa kufika 117. Core i9-13900K huandikwa 125 na hufika 253. Namba ya pili ndiyo inayoipasa bodi mama, kwa kuwa bodi ndiyo inayopokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo ambayo prosesa inaitumia. Kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vilivyopangwa kuizunguka soketi. Kwenye bodi za bei ya chini ni vichache na havina bati la kupoza. Prosesa kubwa juu ya bodi ya namna hiyo huwaka, lakini vipande vikishika joto bodi huipunguzia prosesa umeme, na wewe unabaki na i9 inayotembea kama i5. Joto la Tchomia linaharakisha jambo hilo: ziwa liko mita 619 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Bunia iko zaidi ya mita 1,200, na kompyuta iliyojaribiwa Bunia ikapita vizuri inaweza kulemewa huku chini saa nane mchana.

Sasa soketi, yaani kiti ambacho prosesa inakalia. Kila kizazi kina chake. Intel ya kizazi cha 10 na 11 hukaa kwenye LGA1200, ya 12, 13 na 14 kwenye LGA1700, na Core Ultra 200S zilizotoka Oktoba 2024 kwenye LGA1851. AMD ilidumu na AM4 miaka mingi, kuanzia Ryzen za kwanza za 2017, na mwaka 2022 ikaingia AM5. Namba ya soketi ya prosesa na ya bodi lazima zilingane. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kulingana hakutoshi. Mfano ulioumiza watu wengi ni LGA1151. Mwaka 2015 ilibeba kizazi cha 6 na cha 7; mwaka 2017 Intel ikatoa kizazi cha 8 kwa soketi yenye jina lilelile na pini 1,151 zilezile, ila mpangilio wa umeme umebadilishwa. Prosesa inaingia, feni inafungwa, skrini inabaki nyeusi. Bodi hizo bado zinauzwa mitumba, hivyo anayeletewa i5-8400 ahakikishe chipseti ya bodi ni ya mfululizo wa 300, kama H310 au B360, wala si H110 au B250.

Chipseti ndiyo herufi na namba iliyo ndani ya jina la bodi. Kwa LGA1700 utakuta H610, B660, B760 na Z790. Kwa AM4 utakuta A520, B450, B550. Tofauti zake ni idadi ya milango, nafasi za RAM, nafasi za diski, na ruhusa ya kuikimbiza prosesa kupita kasi yake ya kiwandani. Ruhusa hiyo Intel huiweka kwenye herufi Z, na kwa mtumiaji wa betri haina faida yoyote, usiilipie. H610 ina nafasi mbili tu za RAM, na kwa kazi ya ofisi zinatosha. Bodi nyingi za H610 bado zina mlango wa VGA, ule wa skrini na projekta za zamani. Kanisa lenye projekta nzima ya VGA litaona thamani ya mlango huo kuliko namba zote za kasha.

Halafu kuna herufi ndogo mwishoni mwa jina la prosesa, zenye uzito kuliko zinavyoonekana. Intel yenye F, kama i5-12400F, haina grafiki ndani. Huuzwa rahisi kidogo, na mwenye haraka huona amepata bahati. Akifika nyumbani mlango wa HDMI wa bodi hautoi picha. Kwa AMD ya AM4 ni kinyume chake: prosesa za kawaida hazina grafiki, zenye G, kama Ryzen 5 5600G, ndizo zinazo. Intel yenye T, kama i3-12100T, imeandikiwa wati 35 tu, na ukiipata kwa bei nzuri hiyo ni rafiki wa paneli.

RAM inataka uangalifu wa pekee wakati huu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda sana dunia nzima, kwa kuwa viwanda vimegeukia kuhudumia vituo vikubwa vya data vya akili unde. AM5 na LGA1851 zinakubali RAM ya DDR5 peke yake. LGA1700 ina bodi za aina zote mbili, za DDR4 na za DDR5, na karibu zote hazikubali RAM ya aina nyingine. Hata pengo la katikati ya kijiti halikai mahali pamoja. Kama una vijiti vya DDR4 vizima kwenye mashine yako ya zamani, vya umbo la kompyuta ya mezani, tafuta bodi ya LGA1700 iliyoandikwa DDR4 au D4, au bodi ya AM4, uendelee navyo. Leo hiyo ni akiba kubwa kuliko kuhangaikia punguzo la bei ya prosesa.

Kisha biosi, programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoitambua prosesa kabla Windows haijaamka. Hapa ndipo wanaonunua kwa mbali huumia zaidi. Bodi ya H610 iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa 2022 haijui kwamba kizazi cha 13 kipo, maana kilizaliwa baadaye mwaka huohuo. Soketi ni ileile, chipseti inaruhusiwa, lakini hadi biosi isasishwe hutaona chochote. Bodi za B450 na Ryzen 5000 zina kisa hichohicho, na ndiyo maana kasha jipya lina kibandiko kinachosema Ryzen 5000 iko tayari. Kusasisha si kazi ngumu, ila haivumilii umeme kukatika. Dakika chache zile, inveta ikizima, bodi inaweza kufa kabisa. Mwambie muuzaji aifanye kazi hiyo mbele yako, na achukue toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi. Kama bei haipishani sana, chukua bodi yenye kitufe cha kusasishia biosi nyuma yake kwa flashi peke yake, hata bila prosesa: ASUS huiita BIOS FlashBack, MSI huiita Flash BIOS Button, Gigabyte huiita Q-Flash Plus. Ikikulazimu kuifanya Tchomia, ngoja mchana wa jua kali betri ikiwa imejaa, na usitegemee jenereta peke yake.

Kuna sababu nyingine ya kuipa biosi heshima. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilikuwa zikiomba volti nyingi kupita kiasi na kuharibika polepole. Marekebisho yalikuja kupitia biosi, Agosti na Septemba mwaka huo. Yanaizuia prosesa nzima isiharibike, lakini iliyokwisha kuumia hayaiponyi. Kwa hiyo i9-13900K ya mtumba yenye bei ya kuvutia, ambayo hujui ilifanyiwa kazi kwenye biosi gani, iache hapohapo.

Mitumba ya ofisi nayo ina kufuli zake. Mashine nyingi za Dell na HP zina plagi za umeme ambazo si za kawaida, kwa hiyo bodi mpya haitafunga kwenye pawa saplai ile wala mara nyingine kwenye kasha lile. Prosesa za Ryzen Pro zilizotoka kwenye baadhi ya mashine za Lenovo zimefungwa kwa kufuli ya usalama ndani ya prosesa yenyewe: hazitawaka kwenye bodi ya kampuni nyingine yoyote. Hakuna fundi anayeweza kuifungua. Muuzaji akikuonyesha Ryzen Pro bila kasha, mwambie aiwashe kwenye bodi unayoinunua, sio kwenye nyingine.

Kama ningeulizwa nichague kwa ajili ya duka la kuchapa leo, ningechukua i3-12100 au i5-12400 isiyo na F, juu ya bodi ya H610 au B660 ya DDR4. Au Ryzen 5 5600G juu ya A520 au B550. AM5 ni nzuri na AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea, lakini DDR5 kwa bei ya sasa inaniogopesha.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha plastiki cha soketi na uangaze kwa tochi ya simu. Kwa Intel zote hizi, na kwa AM5, pini ziko kwenye bodi. Moja iliyolala inatosha kuua nafasi ya RAM au bodi nzima. Zitazame kwa upande, mistari yake inyooke. Uliza pia feni: mashimo ya LGA1700 yana umbali wa milimita 78, ya LGA1200 na LGA1151 yalikuwa 75, kwa hiyo feni yako ya zamani inaweza isikae. Baada ya kuwasha, ingia kwenye biosi usome jina la prosesa, kiasi cha RAM na toleo la biosi, kisha risiti iandikwe jina kamili la bodi pamoja na toleo lake. Gigabyte, kwa mfano, huchapa namba ya toleo pembeni mwa bodi, na matoleo mawili ya jina moja yanaweza kuhitaji biosi tofauti.

Kwa safari ya majini, iache prosesa ndani ya soketi, kwani inazikinga pini. Feni kubwa na nzito ivuliwe isije ikaivuta bodi mawimbi yakipiga. Ile ndogo ya Intel inaweza kubaki. Bodi irudi kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kasha lake, ndani ya jaba lenye mfuniko unaobana. Na kama feni umeivua, nunua tyubu ya krimu ya joto hukohuko Kampala, maana ile iliyokwisha kubandikwa haitumiki mara ya pili.