Mapambo ya Krismasi ya kushona, bila nyekundu na kijani

Kazi ya kushona mapambo ya Krismasi nyumbani huanza na rangi, kabla mkasi haujaguswa. Kila Desemba madukani hujaa nyekundu na kijani, rangi zilizotoka Ulaya ya kaskazini, ambako mti wa holi hubaki na majani mabichi na matunda mekundu wakati wa baridi, miti mingine ikiwa imepukutika. Liturujia ya Kikatoliki ina mpangilio wake: Majilio ni zambarau, Krismasi ni nyeupe au dhahabu, na nyekundu husubiri tarehe 26, sikukuu ya Stefano shahidi. Anayetaka rangi nyingine, basi, havunji mwiko wowote.

Afrika Mashariki, buluu iliyokoza pamoja na nyeupe hupatikana bila kuhangaika. Kitambaa kizito cha pamba kiitwacho marekani, ambacho meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19, kina weupe wa maziwa unaotulia machoni. Bafta ni nyepesi na nyeupe zaidi. Buluu inaweza kutoka kwenye kaniki, ila ile nyeusi tititi iachwe dukani: kwa watu wengi ni nguo ya mganga, na wageni wa sikukuu wasipewe la kunong'ona. Kitenge chenye maua ya buluu kinafaa vilevile. Rangi ya tatu, tuseme manjano ya haradali, iwe kidogo sana: kamba ya kutungikia, kifungo, ukingo wa utepe. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi huonea huruma mabaki yake yote, akayatia yote, na sebule ikageuka duka la vitambaa.

Vitambaa vifuliwe kwanza, maana pamba mpya husinyaa na kaniki huchuja. Kaniki ifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi, kisha kila kitu kipigwe pasi.

Nyota ya kujaza ndiyo inayowashinda wengi, nayo ina ujanja wake: ishonwe kabla ya kukatwa. Vipande viwili hulazwa pamoja, sura zikiangaliana, nyota ikachorwa juu kwa chaki. Cherehani hufuata mstari huo kwa mishono midogo, ikiachwa nafasi ya sentimita 4 ubavuni. Ndipo mkasi upite nje ya mshono, umbali wa nusu sentimita. Ncha tano hupunguzwa butu, na kila kona ya ndani huchanjwa hadi karibu kabisa na uzi bila kuugusa. Isipochanjwa, nyota ikigeuzwa hukunjamana hapo, na pasi haitasaidia kitu. Kijiti cha mshikaki husukuma ncha zitokeze.

Cha kujazia ni sufi, ile ya mito. Ni nyepesi na huteleza vidoleni, lakini hupeperuka kwa pumzi tu, kwa hiyo pangaboi lizimwe na dirisha lifungwe. Ncha zijazwe mwanzo, kidogo kidogo, tumbo la nyota baadaye. Tundu hufungwa kwa mkono, sindano ikipita ndani ya mkunjo ili uzi usionekane.

Bendera za pembetatu ni rahisi zaidi. Kila moja iwe na upana wa sentimita 15 juu na urefu wa 20. Zikiachiana sentimita 5, kumi na tano hutosha mita 3 za ukuta. Juu huingizwa ndani ya utepe uliokunjwa, ukashonwa mstari mmoja mrefu. Nyeupe mbili kwa buluu moja hupendeza kuliko moja kwa moja, kwani buluu nyingi hutia giza chumba chenye taa hafifu.

Mapambo haya yanaufaa sana mvinje, mti unaopambwa na wengi pwani. Vijiti vyake vyembamba hulegea chini ya mipira ya kioo, aina ambayo mafundi wa Lauscha, Ujerumani, waliipuliza kwa ajili ya misonobari yenye matawi magumu. Nyota ya sufi haiuelemei.

Baada ya sikukuu bendera hufuliwa na kuanikwa kivulini, lakini nyota hukung'utwa tu, kwa sababu sufi ikilowa hugandamana mabonge. Zote huhifadhiwa kapuni zikiwa kavu, pamoja na majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu.