Kabla Hujanunua Turbo Mpya, Tafuta Kilichoiua ya Zamani

Mvua za Novemba zikishika huku Karema, kila mtu anataka trekta. Sasa turbo ikifa katikati ya kulima, unaanza safari ya kufuata spea Mpanda mjini au mbali zaidi, huku wateja waliokupa advansi wanahamia kwa mwingine. Kibaya zaidi ni kufunga mpya na nayo ikafa, kwa sababu chanzo hakikutafutwa.

Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa eksozi unazungusha feni ya kwanza, ya pili inasukuma hewa kwenye injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kinachoitenganisha na beringi ni utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana hata sekunde chache, chuma kinasaga chuma.

Vinavyoua beringi:

1. Kukanyaga mafuta mara tu baada ya kuwasha. Oili bado haijafika juu. Subiri dakika 1 au 2.
2. Kuzima ghafla baada ya kazi nzito. Oili iliyobaki inaungua na kuwa masizi yanayoziba njia. Acha injini iungurume taratibu dakika 3 hadi 5 ndipo uzime.
3. Oili iliyochoka au filta ya bei chee. Uchafu unakwangua beringi.
4. Vumbi. Mpira wa hewa ukipasuka au klipu ikilegea, mchanga unakula feni, feni inapoteza mizani, beringi inafuata.

Tuje kwenye sili. Wengi wanadhani ni mpira. Hapana, mara nyingi ni ringi ya chuma, kama ringi ya pistoni, na inategemea presha kuzuia oili. Kwa hiyo turbo nzima kabisa inaweza kuvujisha! Filta ya hewa ikiziba, oili inavutwa upande wa hewa. Bomba la kurudisha oili likiziba au kukunjika, au bomba la kupumulia la injini likiziba, oili inakosa pa kwenda na kupita kwenye sili. Ukiona moshi wa bluu, kagua hivyo vitatu kwanza. Ila usipuuze: oili ikiingia kwa wingi, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta na kupaa yenyewe hata ukizima swichi.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira wa hewa, shika shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Feni ikigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma waziwazi, beringi imekwisha.

Ukifunga mpya, badilisha oili na filta, safisha au badilisha mabomba yake ya oili, na usipake gundi ya silikoni kwenye maungio hayo, maana ikimeguka inaziba njia. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka presha ya oili ipande.

Fundi akikwambia "turbo imekufa", muulize: imeuawa na nini? Akishindwa kukujibu, usitoe hela ya turbo kwanza.