Kinyago na Nafsi ya Mvaaji

Mtu avaapo sura isiyo yake, je, huificha nafsi yake au huidhihirisha? Swali hili lina majibu mawili, nayo huonekana vyema Newala na Marekani zikilinganishwa.

Katika nyanda za juu za Wamakonde, ambako Mkunya imo, ngoma ya vinyago iitwayo midimu huhusiana na jando na unyago. Vinyago vyake huonyesha watu, mizimu na wanyama. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za ngoma hizo. Kilicho mashuhuri zaidi ni kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke mja mzito, kilichochongwa matiti na tumbo. Mvaaji wake kwa desturi ni mwanamume. Zamani wanawake waliambiwa kwamba mchezaji ni mzimu, na siri hiyo ilitunzwa na waliopita jandoni. Basi kucheza umbo la kike hakukumtoa mtu katika uanaume; kulikuwa haki ya aliyekwisha kuthibitishwa kuwa mwanamume.

Huko Marekani, katika miaka ya 1980, walitokea mashabiki wa wanyama wenye tabia za kibinadamu, waitwao mafari. Mkutano wao wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika California mwaka 1989. Kila mmoja hujibunia mnyama wake, akamchora au kumtungia hadithi. Wachache hushona vazi zima. Uchunguzi umeonyesha kwamba wengi wao ni watu wapendao jinsia yao wenyewe au jinsia zote mbili. Kwa baadhi yao mnyama huwa njia ya kujaribu jina na jinsia kabla ya kuzitamka kwa uso mtupu.

Kiswahili chatoa msaada hapa. Husemwa “amekuja” kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa sungura wa ngano; lakini kinyago “kimekuja”. Sarufi hutenga chombo na nafsi, wala haiulizi jinsia ya nafsi hiyo.

Newala sura ni mali ya jamii, na mvaaji huiazima. Kwa mafari sura ni mali ya aliyeibuni. Kwa hiyo ni kosa kumpa mchezaji wa midimu jina la kigeni kwa sababu ya tumbo la mti alilolivaa. Vilevile ni kosa kudai kwamba kuvuka mpaka wa jinsia kwa njia ya sanaa ni jambo lililoletwa jana.